Motokaa za Haibridi na Unywaji Wake wa Petroli

Wasomaji wa gazeti letu watakuwa wameziona motokaa ambazo husimama penye taa za barabarani bila sauti yoyote, hata mtu hudhani zimezimika. Hizo ni motokaa za haibridi, zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mjomba wangu, dereva wa teksi Dar es Salaam, alikopa fedha akanunua moja, Toyota Aqua iliyokwisha tumika Ujapani. Aliambiwa itakwenda kilomita 35 kwa lita moja. Haikufika huko hata siku moja, na kila alipolipa deni lake mwisho wa mwezi aliona kuwa amedanganywa, akasema ataiuza. Likizo iliyopita nilikaa kwake, nikataka kujua kisa hasa.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Watu wengi husema kuwa nusu ya mwendo wake ni umeme wa bure. Sivyo. Motokaa hii haichomekwi ukutani. Nguvu zake zote hutokana na petroli iliyotiwa tangini. Tena betri yake ni ndogo. Ile ya Aqua ya kwanza, iliyotoka mwaka 2011, ina volti 144 na ampea-saa 6.5, zidisha, utapata wati-saa 936. Lita moja ya petroli ina karibu wati-saa 9,000. Basi betri nzima ikijaa ni sawa na sehemu ya kumi ya lita, yaani nusu kikombe cha chai! Mjomba aliposikia hesabu hiyo alicheka, kisha akanyamaza.

Faida yatoka wapi, basi? Motokaa ya kilo 1,200 ikienda kilomita 54 kwa saa ina nishati ya juli 135,000. Katika motokaa ya kawaida, dereva akikanyaga breki, nishati hiyo hugeuka joto ikapotea. Katika haibridi magurudumu huizungusha mota, nayo ikawa jenereta, na sehemu ya nishati ikarudi betrini. Wakati wa kuondoka mota husukuma, na injini hupumzika mpaka ihitajiwe. Ndiyo sababu foleni ya Ubungo haiiumizi sana. Lakini ukikanyaga breki kwa ghafula, breki za kawaida ndizo hufanya kazi kubwa, na faida imekwenda.

Katika barabara kuu mambo ni mengine. Breki ni chache, kwa hiyo hakuna cha kurudisha, na upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Toka 80 hadi 110 kwa saa, upinzani huo unakaribia kuwa mara mbili. Tulijaza tangi, tukaenda Morogoro na kurudi, mjomba akiendesha apendavyo, kisha tukajaza tena pampu ile ile: kilomita 17 kwa lita. Juma lililofuata akapata abiria mwingine wa huko, nikamsihi asizidi 80. Tukapata 23. Mjini, na kiyoyozi kikiwaka mchana kutwa, ilikuwa 21. Zile 35 za Ujapani zilipimwa ndani ya jengo, motokaa ikizungusha magurudumu juu ya mtambo, kiyoyozi kimezimwa.

Tulipojaza upepo wa magurudumu, uliokuwa umepungua, niliona jambo jingine. Karibu na kiti cha nyuma kuna tundu la kuingiza hewa ya kupoza betri. Mjomba alikuwa amelifunika kwa vitambaa vya urembo, na ndani mlijaa vumbi. Betri ikipata joto mno, kompyuta huipunguzia kazi, na injini ikabeba mzigo. Tulikata vitambaa, tukasafisha. Mjini ikawa 22. Labda ni tundu, labda ni upepo wa magurudumu, kwani tulivifanya siku moja, na hilo lilikuwa kosa langu.

Motokaa haijauzwa. Ila kuhusu ule mwendo wa 80, mjomba asema abiria wa Morogoro hawana subira.