Uzi, nyavu na nukta: Kazi ya kurudiarudia inavyotuliza akili

UFUKWENI mwa Ziwa Victoria mjini Musoma, wavuvi huketi na kushona nyavu zilizochanika, fundo moja baada ya jingine. Huko Bunda na Butiama, akina mama hufuma vitambaa vya makochi na kudarizi mashuka. Wengi huzihesabu kazi hizo kuwa za kipato au za kupitisha muda. Hata hivyo, zina faida nyingine ambayo wataalamu wameichunguza kwa miaka mingi: humtuliza mwenye kuzifanya.

Mwaka 1975, Dk. Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza kuwa mwili una hali ya utulivu iliyo kinyume cha hali ya hofu. Ndani yake mapigo ya moyo hushuka, pumzi hupungua kasi na misuli hulegea. Kwa maelezo yake, mambo mawili huileta: kurudia neno, sauti au mwendo fulani, na kuyaacha mawazo yanayochipuka yapite bila kushindana nayo. Ufumaji una mambo yote mawili. Mkono hurudia mwendo uleule, na akili iliyotangatanga huitwa tena na tundu linalofuata.

Tafiti za baadaye zimeongeza ushahidi. Mwaka 2013, matokeo ya uchunguzi uliohusisha wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali yalionyesha kuwa waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema wanapata utulivu na furaha zaidi. Mwaka 2016, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi ya sanaa. Kwa takriban asilimia 75 yao, homoni ya kotisoli, inayoambatana na msongo wa mawazo, ilishuka, wawe na uzoefu wa sanaa au la. Kwa wengine haikushuka, jambo linaloonyesha kuwa dawa hii haimfai kila mtu kwa kipimo kilekile.

Kwa Mkoa wa Mara, suala hili si la anasa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wasichana wanaokimbia kisu hicho hupokewa katika nyumba salama, zikiwamo za shirika lililoasisiwa na Rhobi Samwelly, huko Kiabakari wilayani Butiama na Mugumu wilayani Serengeti. Miongoni mwa wanayofundishwa ni ushonaji, kwa lengo la kujitegemea. Binti aliyeachana na wazazi wake usiku mmoja anahitaji kipato cha kesho, lakini pia anahitaji kitu cha kushika leo, kinachotii mkono wake.

Hapo ndipo penye tahadhari. Kazi iliyowekewa idadi na saa ya kukabidhi hugeuka kuwa chanzo kipya cha msongo. Anayetafuta utulivu hana budi kutenga muda usio na mteja wala msimamizi, na kazi yake isihukumiwe kwa uzuri.

Asiye na uzi anaweza kutumia kalamu na karatasi. Achore mraba mdogo, aujaze nukta au mistari inayofuatana, huku akipumua taratibu. Akikosea asifute, aendelee. Dakika 15 zinatosha kuanzia, na mchoro uwe mwepesi kiasi cha kutohitaji kufikiriwa.

Aidha, kazi ya mikono haichukui nafasi ya tiba. Anayekosa usingizi kwa majuma, anayeandamwa na kumbukumbu za ukatili au anayewaza kujidhuru anapaswa kufika hospitalini na kupata ushauri nasaha. Uzi unaweza kumsaidia kungoja zamu yake kwa utulivu, lakini kidonda kilicho ndani kinahitaji mtu wa kukisikiliza.