Moshi Usioonekana Juu ya Paa za Hai Mauna

Tumezoea kuuhukumu moshi kwa rangi yake: ukiwa mweusi tunaulaani, usipoonekana tunashukuru. Mazoea hayo hutupotosha. Miongoni mwa hewa zenye madhara zitokazo katika mitambo ya kufua umeme zimo oksidi za naitrojeni, ambazo mara nyingi hazionekani kwa macho.

Jambo hili linawahusu sana wakazi wa Hai Mauna, mmojawapo wa mitaa ya makazi jijini Juba. Kwa miaka mingi jiji hilo liliishi kwa jenereta za watu binafsi. Mwezi Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa megawati 33 unaotumia mafuta, lakini ngurumo za jenereta hazikukoma. Nazo hazina bomba refu la kupeleka moshi juu. Huutoa uani, karibu na dirisha la jirani na pua ya mtoto.

Hewa tuvutayo ina asilimia 78 ya naitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Kwa kawaida gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kugusana, kama majirani wasiotembeleana. Lakini moto upandapo kupita nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, huanza kuungana kwa kasi. Mwanasayansi wa Kisovieti, Yakov Zeldovich, aliyafafanua hayo katika miaka ya 1940. Basi kosa si la fueli peke yake: hata gesi asilia, iliyo safi kuliko dizeli, huzaa oksidi hizo kwa sababu naitrojeni imo katika hewa yenyewe.

Madhara yake yanafahamika. Naitrojeni dioksidi huwasha njia za pumzi na kuwazidishia taabu wenye pumu, hususan watoto. Ikipigwa na jua husaidia kuzaa ozoni karibu na ardhi, nayo pia hudhuru mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha gesi hiyo kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 40 hadi 10 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Wahandisi wa turbaini za gesi wameshughulika na tatizo hili kwa miongo mingi. Ugumu ni kwamba mtambo ukifanya kazi kwa joto kali zaidi hutoa umeme mwingi kwa gesi kidogo, na joto hilo hilo ndilo mama wa oksidi. Turbaini isiyodhibitiwa huweza kutoa zaidi ya sehemu 100 za oksidi katika kila sehemu milioni moja za moshi.

Njia ya kwanza ni kunyunyizia maji au mvuke ndani ya moto ili kuupoza. Kwa gesi asilia, njia hii huweza kushusha kiwango hadi sehemu 42 au 25. Lakini maji hayo sharti yasafishwe hadi yasibaki na chumvi, la sivyo mapanga ya turbaini huharibika. Katika jiji ambamo kaya nyingi hununua maji ya magari, hilo si jambo dogo.

Njia ya pili haihitaji maji. Gesi huchanganywa na hewa nyingi kabla ya kuwashwa, na moto huwaka kwa utulivu bila kuwa na sehemu zenye joto la kupita kiasi. Mitambo ya namna hii hufikia sehemu 25, na mingine 9. Shida yake ni kwamba mchanganyiko ukipungua gesi mno, moto hutikisika au huzimika.

Njia ya tatu ni kuusafisha moshi wenyewe. Amonia hupulizwa katika moshi, kisha moshi hupitishwa kwenye kichocheo, na oksidi hugeuka kuwa naitrojeni na maji. Asilimia 80 hadi 90 huondolewa, ingawa kwa gharama kubwa. Njia hii hufaa pia kwa injini kubwa za dizeli.

Kwa majirani zetu wa Tanzania, gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, na mwaka 2018 ukazinduliwa mtambo wa Kinyerezi II wa megawati 240. Hapo moshi wa moto wa turbaini hutumika kuchemsha maji, na mvuke wake huzungusha turbaini nyingine. Umeme huongezeka bila kuchoma gesi zaidi.

Somo kwa Juba ni bayana. Haiwezekani kuweka kichocheo katika kila jenereta ya uani; inawezekana kukiweka katika mtambo mmoja. Kwa hiyo kila nyumba ya Hai Mauna inayounganishwa na gridi na kuzima jenereta yake hupunguza sumu mtaani. Lakini mtambo huo usipodhibitiwa, tutakuwa tumeihamisha sumu tu kutoka ua mmoja hadi mtaa mwingine. Kiwango cha oksidi sharti kiandikwe katika mkataba kabla mtambo haujanunuliwa, na vipimo vyake vitangazwe kwa wananchi.

Wakati tukisubiri hayo, jenereta na isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, kwani monoksidi ya kaboni huua kwa muda mfupi. Na bomba lake lielekezwe mbali na madirisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa mapafu ya mtoto hauna fundi wa kuujenga upya.