Kilomita Tano Kutoka Majini: Biashara ya Likizo ya Pwani Itazamwapo kutoka Glenwood

Nyumba za zamani za Glenwood, mtaa ulioketi juu ya kilima cha Berea, kusini-magharibi ya katikati ya jiji la Durban, zilijengwa na watu waliopenda kuipata hewa ya bahari bila ya kuipata chumvi yake: zina baraza pana zilizoezekwa bati, sakafu za mbao zinazolia mtu akizikanyaga usiku, na katika baadhi yake mgeni afunguapo dirisha la juu huziona winchi za bandari zikiinama na kuinuka, kisha mgongo mrefu wa Bluff, kisha mstari wa samawati ambao ndio Bahari ya Hindi yenyewe, ile ile inayopiga kuta za Forodhani kule Unguja. Huiona, lakini haifiki kwa miguu. Baina ya kitanda chake na maji pana kilomita 5 hivi, na ndani ya kilomita hizo 5 imefichika hesabu yote ya nyumba za wageni za mtaa huu.

Mwenye hoteli ya ukingoni mwa bahari huuza dirisha. Mteja hulipa ili alale akisikia mawimbi, na bei hupanda kadiri ghorofa zinavyopanda. Mwenye nyumba ya Glenwood hana dirisha la namna hiyo, hivyo huuza kimya, kivuli cha miti, mahali pa kulaza gari ndani ya uzio, na staftahi ya moto isiyohesabiwa kwa kijiko. Siku za katikati ya wiki hula riziki ya watu wasiokuja kuogelea kabisa: wazazi wanaowaleta wana wao katika chuo kikuu pale Howard College, wahadhiri, wajumbe wa mikutano. Ni likizo za shule ndizo zinazomletea ahali nzima nzima kutoka Johannesburg, waliokwisha kuteremka kilomita 570 za barabara kuu ya N3, watoto wamechoka na wanauliza bahari iko wapi. Na wapo wenye nyumba walioona kuwa mwanafunzi alipaye kila mwezi ni riziki yenye uhakika kuliko mtalii ajaye Desemba na kutoweka Januari, wakavigeuza vyumba vyao kuwa dakhalia. Siwalaumu, mvua moja kubwa hutosha kufuta hesabu ya msimu mzima, kama tutakavyoona.

Msomaji wa Mombasa au Unguja afikaye Durban kwa likizo hana budi kwanza kusahau baadhi ya ayajuayo. Sisi tumelelewa na bahari yenye ukuta: mwamba wa matumbawe husimama mbele, mawimbi huvunjika huko nje, na ndani hubaki maji ya kuoga mtoto. Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4, hata mtu wa Paje hutembea kwa miguu mahali alipopita na ngalawa asubuhi. Durban haina ukuta huo. Mawimbi huja moja kwa moja kutoka bahari kuu na kuanguka juu ya mchanga, tofauti ya kujaa na kupwa haizidi mita 2 hivi, na baina ya wimbi na wimbi hupita mikondo irudiyo baharini ambayo humchukua hata muogeleaji hodari. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba ya wageni ni wapi waokoaji wamesimika bendera zao leo, maana ni baina ya bendera hizo tu ndipo pa kuoga. Habari ya ufukwe upi una mandhari nzuri yaweza kungoja.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wachache katika biashara hii hupenda kulitaja mbele ya wateja: fukwe za katikati ya Durban, zile ziitwazo Golden Mile, ni bidhaa iliyotengenezwa, na watengenezaji wake si wenye hoteli.

Chukua mchanga. Kwa tabia ya pwani hii mchanga husafiri kutoka kusini kwenda kaskazini, ukisukumwa na mawimbi mwaka mzima. Lakini mlango wa bandari, pamoja na kuta zake za mawe, umekata njia hiyo, na lau ungeachwa hivyo fukwe za South Beach na North Beach zingelikonda hadi kubaki mawe. Kwa hiyo mchanga huchotwa upande wa bandari na kusukumwa kwa mabomba hadi ufukweni. Mtoto ajengaye ngome pale anajenga kwa mchanga ulioletwa. Machi 2007, dhoruba ilipokutana na maji makuu ya bamvua, pwani ya KwaZulu-Natal ililiwa kwa saa chache, na wenye majengo ya ukingoni wakajua bei halisi ya dirisha walilokuwa wakiliuza.

Chukua papa. Nyavu za kwanza za kuwazuia zilitegwa Durban mwaka 1952. Miji midogo ya kusini haikuwa nazo, na msimu wa Desemba 1957 hadi miezi ya mwanzo ya 1958 watu kadhaa waliuawa na papa huko, watalii wakafunga mizigo wakarudi bara, na hoteli zikabaki na vitanda vilivyotandikwa bila ya walalaji. Mwaka 1964 ikaundwa bodi maalumu ya kushughulikia papa katika jimbo. Wengi hudhani nyavu hizo ni ua ulioizunguka bahari; sivyo. Kila moja ina urefu wa mita 214 na kimo cha mita 6, hutegwa kwa kupishana safu mbili, na papa aweza kupita juu, chini au kando. Kazi yake ni ile ya jarife la wavuvi wetu, yaani kuwapunguza papa kwa kuwanasa, na humo hunaswa pia kasa na pomboo wasio na hatia, gharama isiyoandikwa katika bei ya chumba chochote. Dagaa wa Juni na Julai wakija kwa mafungu yao makubwa, na papa na pomboo wakiwafuata, nyavu huondolewa, na kuoga mara nyingi huzuiwa.

Chukua, mwisho, maji yenyewe. Aprili 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 jimboni na kuvunja mitambo ya majitaka ya jiji; mito ikayabeba hadi baharini, na kwa miezi mingi fukwe zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena, kwa kufuata vipimo vya vijidudu. Mwenye nyumba Glenwood, ambaye kuta zake hazikuguswa na tone, alipokea simu za kufuta vyumba sawasawa na mwenye hoteli ya mbele. Hapo umbali wa kilomita 5 haukumfaa kitu.

Sharti niseme pia kwamba ufukwe huu uliwahi kuzuiwa kwa binadamu, si kwa papa. Chini ya sheria ya 1953 ya kutenga huduma za umma, iliyofutwa mwaka 1990, mchanga mmoja uligawanywa kwa rangi za watu, na vipande vyema, vyenye nyavu na waokoaji, vilikuwa vya Wazungu. Siku ya mwaka mpya sasa umati ujaao pale hauachi nafasi ya kutandika kanga. Wafanyakazi wa jiji huwafunga watoto vitambulisho mkononi ili apoteaye arudishwe kwa mamaye. Ni mandhari ya furaha, nami ningeiona mara moja tu.

Basi tuchague. Mwenye watoto wadogo na akae kati ya uShaka, bustani ya bahari iliyofunguliwa mwaka 2004, na North Beach: kuna waokoaji, vidimbwi vya kuchezea, na njia pana ya matembezi iliyopanuliwa kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Walio katika fungate wapande kaskazini hadi uMhlanga, kwenye mnara wa taa mwekundu na mweupe wa 1954, wakubali kulipa bei ya dirisha, na waende Julai, dagaa wakiisha kupita, mvua zikiwa zimekatika, hewa kavu, na maji yakiwa bado na joto la nyuzi 20 hivi. Desemba ni ya likizo za shule, na ndio pia mwezi wa mvua ioshayo mito. Atakaye ukimya kwa bei ya Glenwood avuke bandari hadi Bluff, kwenye fukwe za wateleza-mawimbi. Juu ya kilima hicho, Kings Rest, waliwahi kukaa Wazanzibari wa Durban, wazao wa watumwa waliokombolewa na manowari za Waingereza na kuteremshwa hapa kuanzia 1873, wengi wao Wamakua, hadi sheria ya maeneo ya rangi ilipowahamishia Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipoteza ardhi inayotazama bahari ambayo leo ingelikuwa na bei ya kuomba dua.

Nilikofikia mimi, bibi mwenye nyumba huamka alfajiri, hutazama simu yake, kisha hushika chaki na kuandika kwenye ubao ulio mlangoni majina ya fukwe zilizo wazi siku hiyo, kabla hata ya kuchemsha chai. Ubao huo haumo katika tangazo lake wala katika ankara. Asubuhi ya tatu uliandikwa fukwe zote isipokuwa moja. Nilipoegesha gari North Beach, mlinzi wa magari, kijana mwenye fulana ya njano, alinisikia nikimwita mwanangu, akaja akicheka.

“Jambo, muzee. Munatoka Tanzania?”

Nikamwambia ndiyo, nikamuuliza yeye. Akataja Bukavu. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa kaskazini, ambako mto Umgeni huingia baharini, nikamuuliza kama kule nako kwafaa kwa watoto.

“Hapana, muzee. Mvua ilinyesha huko juu jana. Mayi iko mubaya. Mubakie hapa hapa, gari nitaiangaliya.”

Ulikuwa ndio ufukwe ule mmoja ambao bibi hakuuandika.