Mvuke Usio na Harufu: Zebaki kwenye Mialo ya Dhahabu

Zebaki ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida, na ina tabia moja iliyowafanya wachimbaji wadogo waing'ang'anie: ikikutana na chembe za dhahabu huzinasa, mchanga ikauacha. Kwenye mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, ya Geita, Chunya, Mara na Shinyanga nchini Tanzania, mawe yenye dhahabu, yaani mbale, husagwa kwenye mashine ya karasha mpaka yawe unga. Unga huo huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia au vitambaa, chembe nzito zikabaki na tope likatiririka chini. Kilichobaki hukung'utiwa ndani ya beseni, kikatiwa zebaki na kusuguliwa kwa viganja, aghalabu vitupu. Kisha mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa mpaka libaki donge la rangi ya fedha, ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Donge hilo ndilo linalochomwa, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa kuliko hatua nyingine zote.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo zebaki hupaa, dhahabu ikabaki. Mchomaji huinama juu ya jiko kutazama donge likigeuka manjano, na mara nyingi hayuko peke yake: mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yupo, mwenye karasha yupo, vijana wenye mgawo wao wapo, na mnunuzi naye anasubiri. Wote wanavuta hewa ileile. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na hauwashi macho. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini kupitia mapafu, wakati zebaki ya maji ikimezwa, sehemu kubwa hutoka na choo. Ndiyo maana mtu anayejihadhari isimwingie mdomoni, huku akichoma bila kujikinga, anakwepa hatari ndogo na kuikumbatia kubwa.

Mvuke mwingi kwa mara moja huleta kikohozi, kifua kubana na homa. Ule wa kila siku hufanya kazi polepole: usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, mtu huwa mwepesi wa hasira, fizi huvimba, na vidole huanza kutetemeka hata kushika kikombe cha chai kikawa kazi. Figo nazo huumia. Kwa mama mjamzito sumu hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Dalili hizi ni rahisi kudhaniwa malaria, uchovu au ulevi, hasa pale ambapo mganga wa zahanati hajaelezwa mgonjwa anafanya kazi gani. Mchimbaji anayekwenda kutibiwa ataje kazi yake kabla ya kutaja maumivu yake.

Wala si lazima zebaki ipashwe moto ndipo idhuru. Katika joto la nyuzi 20, hewa ya chumba kilichofungwa chenye zebaki iliyo wazi inaweza kubeba hadi miligramu 14 hivi kwa kila mita ya ujazo, ilhali kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini ni miligramu 0.025. Ni zaidi ya mara 500. Kichupa kilicholegea kizibo chini ya kitanda kinatosha kuwadhuru watoto wanaolala chumba hicho.

Usalama ukitajwa, watu hukimbilia glavu na barakoa. Katika taaluma ya usalama kazini vifaa hivyo ni ngome ya mwisho. Kinachotangulia ni kuiondoa sumu yenyewe, kisha kuipunguza, kisha kuifungia isimfikie mtu. Kwa zebaki mpangilio huu una uzito wa pekee, kwa sababu barakoa ya vumbi au kitambaa cha puani hakizuii mvuke hata kidogo. Inahitajika barakoa yenye kichujio maalumu cha zebaki, nayo ni nadra kwenye mialo.

Kuiondoa kabisa kunawezekana mahali pengine. Wachimbaji wa Benguet, nchini Ufilipino, huosha mchanga kwa uangalifu mpaka ubaki ule mzito tu, kisha huuyeyusha pamoja na boraksi, ambayo hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa madini mengine na kuacha dhahabu ikitulia chini. Njia hiyo ilishaonyeshwa kwa wachimbaji wa Tanzania. Inadai subira na moto mkali, na haikubali kila aina ya mwamba. Lakini hata panaposhindikana kuiacha zebaki, kuipunguza hakuna kisingizio. Kuitia ndani ya karasha pamoja na mawe yote ndiyo desturi mbaya kuliko zote: huvunjika kuwa vitone vidogo mno na kupotelea kwenye tope. Ikitiwa kwenye mchanga mzito tu baada ya kuosha, inayotumika hupungua sana, na fedha iliyoinunua haipotei.

Kuifungia ni kazi ya ritoti. Ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba lililopinda kuelekea chini. Donge huwekwa ndani, chungu hupashwa moto, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji na kudondoka tena ukiwa zebaki. Ritoti nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 90. Ncha ya bomba haipaswi kuzama ndani ya maji, kwani chungu kikianza kupoa huyavuta maji hayo, na yakifika kwenye chuma cha moto kinaweza kulipuka. Kifungo kikaguliwe kama hakivuji, kazi ifanyike nje mbali na makazi, na kifuniko kisifunguliwe kabla chungu hakijapoa.

Kama chombo hiki kinarudisha mali, mbona hakijaenea? Sababu kubwa ni kutoaminiana. Watu wanaogawana dhahabu wanataka kuiona tangu mwanzo hadi mwisho, na chungu kilichofungwa kinazaa shaka. Pia kinachukua muda mrefu kuliko moto wa wazi. Na wapo wanunuzi wanaogawa zebaki kwa makubaliano kwamba dhahabu itauzwa kwao. Kitu kilichotolewa bure hakuna anayejihangaisha kukirudisha. Ritoti za kioo, zinazoonyesha donge likiiva, hupunguza shaka hiyo ingawa huvunjika. Mnunuzi naye hajasalimika: dhahabu iliyochomwa mwaloni bado hubaki na asilimia 2 hadi 5 ya zebaki, ambayo hutoka anapoiyeyusha dukani, katikati ya mji.

Utunzaji wake ni rahisi. Chombo kiwe kigumu, kifungwe barabara, kiandikwe, na zebaki ifunikwe kwa maji kidogo. Chupa ya soda haifai kamwe. Ikimwagika isifagiliwe, maana ufagio huitawanya. Vitone hukusanywa kwa karatasi ngumu, na vilivyojificha kwenye nyufa hunyunyiziwa unga wa salfa. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Marudio, yaani tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa, yana hatari yake. Tope lenye zebaki likipelekwa kwenye matangi ya sayanaidi, sumu hiyo ya pili huiyeyusha ya kwanza na kuirahisishia safari kuelekea mtoni, ambako bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki na kuiingiza kwenye samaki. Ndiyo sumu iliyowaangamiza wakazi wa Minamata nchini Japani kwa ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mambo unayotaka yakomeshwe ni zebaki kutiwa kwenye mawe yote, kuchomwa wazi au ndani ya makazi, na marudio kutiwa sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaiweka migodi katika kazi za hatari zisizoruhusiwa kwa watoto.

Hata hivyo, lawama nyingi huangukia mchimbaji, ambaye huhama duara lolote uzalishaji ukishuka na ambaye kifaa hana. Karasha halihami. Mawe ya watu wengi hupita hapo, na mwenyewe hulipwa kwa kila mzigo. Akikataa zebaki ndani ya karasha lake, akajenga kibanda cha ritoti na kuzuia moto wa wazi mwaloni kwake, wote wanaomtegemea watafuata. Mkaguzi aanze kwa mwenye karasha, kisha aende kwa mnunuzi.