Je, Damu ya Mtoto wa SS Inaweza Kubadilishwa?

Mama, siku ya kupima watoto kilo wengi wenu mnatuuliza: "Munganga, mtoto wangu ni SS. Hamuwezi kumbadilishia damu?" Ni ulizo zuri. Tusikilizane.

Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo mna chembe ndogo sana zilizo kama mama wa damu yote. Kila siku zinazaa chembe nyekundu mpya. Kila chembe-mama ina maagizo ya kazi yake. Agizo moja linaitwa jeni (jeni, si jini!). Mtoto wa SS alipewa agizo lenye kosa na baba, na lingine na mama. Basi chembe zake nyekundu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia za damu na kufa mbio. Chembe nzima inaishi siku 120 hivi. Hizi zake, siku 10 mpaka 20 tu. Ndiyo sababu ya maumivu, macho ya manjano na damu kupunguka. Si uchawi. Wala wasikusukumie kosa wewe peke yako: bila agizo la baba hakuna SS.

Mtoto akitiwa damu ya mtu mwingine, anaokoka hatari ya siku ile. Lakini uboho wake unaendelea kuzaa zile zile za mundu. Baada ya miezi michache damu ile ya mgeni imekwisha.

Kubadilisha kweli ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 2014, huko Paris, waganga walitoa chembe-mama za kijana wa miaka 13 mwenye SS, wakazitia jeni moja nzuri ya kuongeza. Nani aliibeba mpaka ndani ya chembe? Kirusi cha jamaa ya kile cha SIDA! Lakini kilikuwa kimeondolewa nguvu ya kuleta ugonjwa, kikabaki mbebaji tu. Kisha wakamsafisha kijana uboho kwa dawa kali, wakamrudishia chembe zake kwa mshipa. Jeni ya zamani haikutolewa; mpya iliongezwa tu.

Marekani ilikubali dawa ya namna hii mwezi wa 12, mwaka 2023, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Bei yake inapita dola milioni 3 kwa mtu mmoja. Tena ile dawa ya kusafisha inaweza kuharibu uzazi, na wagonjwa wachache walipata kansa ya damu.

Kwa hiyo mtu akija nyumbani na sindano ya "kugeuza SS kuwa AA", usimpe franga zako, hata kama ni shemeji yako.

Mtoto wako alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, apate chanjo zote na vidonge vya asidi foliki. Uliza pia juu ya hidroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda. Matokeo ya 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kutiwa damu na vifo vilipunguka. Usiinunue mwenyewe sokoni, maana lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Akiwa na homa, akihema mbio, viganja vikiwa vyeupe, ao tumbo likivimba ghafula upande wa kushoto, usingoje siku ya kliniki. Mlete usiku ule ule.