Rangi ya Injini ya Gari la Zamani

Injini ya gari la zamani hupakwa rangi kwa sababu mbili: kukinga chuma cha kusubu dhidi ya kutu, na kuirudishia sura iliyotoka nayo kiwandani. Sababu ya kwanza haina ubishi. Ya pili ndiyo inayozua mabishano, maana watengenezaji wa miaka ya 1950 na 1960 kila mmoja alikuwa na rangi yake, na wengine waliibadilisha kila walipoona vema.

Ford Mustang ni mfano mzuri. Ile ya 1965 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 ilikuwa na bloku nyeusi, huku vifuniko vya valvu na kasha la chujio la hewa vikiwa vya rangi ya dhahabu. Mwaka uliofuata Ford ikaamua injini zake zote ziwe za buluu. Kwa hiyo Mustang mbili ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha zikiwa barabarani hujulikana mara boneti zinapofunguliwa. Chevrolet nayo, tangu ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955, iling'ang'ania rangi ya chungwa kwa takriban miaka ishirini. Huko Uingereza, MGB za mwanzo zilipakwa rangi ya damu ya mzee. Za miaka ya mwisho zilipakwa nyeusi.

Kabla ya kwenda dukani, basi, mwenye gari hana budi kujua gari lake lilitengenezwa lini hasa. Nambari ya chasisi na ya injini husaidia, na vitabu vya kiwanda pia, lakini shahidi wa kuaminika zaidi ni injini yenyewe. Nyuma ya pampu ya maji, au chini ya kishikio cha jenereta, mara nyingi hubaki kipande cha rangi ya awali ambacho jua na oili havikukifikia. Kipande hicho kipigwe picha kabla ya kazi ya kusafisha kuanza.

Zipo pia injini ambazo hazikupakwa rangi kabisa. Kasha la injini ya Volkswagen Beetle ni la aloi ya magnesi na liliachwa wazi. Kilichopakwa rangi nyeusi ni mabati yanayoelekeza hewa. Silinda za injini hiyo hupozwa kwa hewa inayopita kati ya mapezi yake, na rangi nene kwenye mapezi ni sawa na kumvika mtu blanketi mchana wa jua kali. Anayeipaka rangi ili ing'are anaiharibu.

Rangi ikishajulikana, kinachofuata ni joto. Maji ya kupozea injini hufika nyuzi joto 90 hivi, na uso wa bloku haupishani nayo sana. Enameli ya injini inayouzwa kwa kopo la kupuliza, ambayo nyingi huvumilia hadi nyuzi 260, inatosha kabisa kwa bloku, hedi na sampu. Haifai kwa manifodi ya ekzosi, inayoweza kupita nyuzi 500 gari linapopanda mlima na mzigo. Hapo hutumika rangi yenye asili ya silikoni iliyotengenezwa kwa joto kali. Rangi ya bodi, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani, hugeuka manjano au kuchubuka ikikaa karibu na ekzosi. Rangi za kuchanganya na hadena hustahimili petroli na oili kuliko enameli ya kopo, lakini zile zenye isosayaneti huweza kumsababishia mpuliziaji pumu ya kudumu; kitambaa puani hakizuii chochote, na bila kinyago kinacholetewa hewa safi ni afadhali kuziacha.

Rangi ya injini huharibika zaidi kwa uchafu kuliko kwa ubora hafifu wa kopo. Chuma cha kusubu kina vinyweleo vilivyonyonya oili kwa miaka mingi. Kikifutwa juujuu huonekana kikavu, kisha injini ikiwaka oili hutoka na kuinua rangi. Husafishwa kwa dawa ya kuyeyusha grisi, hukwanguliwa kwa brashi ya waya, hupashwa moto kidogo ili oili iliyojificha itoke, kisha hufutwa tena kwa tina na kitambaa kisichoacha nyuzi hadi kitambaa kitoke cheupe. Kostiki soda hufanya kazi nzuri kwenye chuma cha kusubu, ila huila alumini, kwa hiyo vipande vya alumini viondolewe kwanza. Kupiga mchanga ni hatari kwa injini nzima: punje moja iliyonasa kwenye njia ya oili inatosha kuua beringi.

Chuma kikishakuwa kitupu hakisubiri. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, unyevu hukitia kutu ndani ya saa chache, hivyo praima ipakwe siku hiyohiyo. Alumini huhitaji praima yake maalumu, la sivyo rangi haishiki.

Nyuso zinazokalia gasketi, matundu ya bolti na ya plagi, na mahali unapofungwa waya wa ethi wa betri vyote hufunikwa kwa tepu. Rangi ikiingia kati ya waya huo na chuma, stata huzunguka kwa shida na fundi huhangaika kutafuta ubovu usiokuwepo. Nambari ya injini haipigwi msasa, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kwamba injini ni ya gari hilo.

Rangi hupulizwa kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, mikono miwili myepesi kisha mmoja wa kushiba, kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Brashi nayo isidharauliwe: uso wa chuma cha kusubu una chembechembe, na enameli nzuri hutulia juu yake bila kuacha michirizi.

Rangi ya manifodi haikomai kwa kukauka tu. Hupashwa kwa hatua, kwa kawaida nyuzi 120, kisha 200, kisha 315 hivi, ikipoa kati ya hatua moja na nyingine. Asiye na oveni huacha injini iungurume kwa vipindi vifupi. Moshi kidogo mara ya kwanza si dalili ya ubaya.

Kuna wanaotaka kila kona ing'ae kuliko ilivyokuwa, ilhali viwandani injini nyingi zilipulizwa zikiwa zimeshaungwa, bolti na gasketi zikapakwa pamoja. Kwenye Chevrolet nyingi rangi ya chungwa ilimwagikia hata manifodi ya ekzosi, ikaungua siku za kwanza za safari. Baadhi ya wafufuaji makini huuiga uzembe huo kwa makusudi, na hawajakosea. Katika mashindano ya magari ya Concours d'Elegance ya Nairobi, injini nayo hukaguliwa pamoja na bodi.

Rangi inayobaki ifungwe vizuri na nambari ya kopo iandikwe mahali, kwa sababu siku injini inaporudishwa garini, spana hazikosi kuchubua vichwa vya bolti.