Kuweka Video za Kiswahili katika Tovuti: Mazingatio kutoka Dzaleka na Lilongwe

Mnamo Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipokuwa ziarani Malawi, ilielezwa kwamba nchi hiyo inakusudia kufundisha Kiswahili katika shule zake. Ufundishaji wa lugha unahitaji walimu na vitabu, lakini unahitaji pia sauti na nyuso za watu wanaoizungumza lugha yenyewe. Kwa Malawi watu hao hawako mbali. Wako Dzaleka, wilayani Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda. Kambi hiyo ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha.

Hata hivyo, kukutana nao si jambo jepesi. Machi 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na kuanzia Mei mwaka huo wengi waliondolewa Lilongwe. Kwa hiyo mwanafunzi aliye Tsoka, mjini Lilongwe, na msemaji aliye Dzaleka huenda wakakutana kwa urahisi zaidi katika ukurasa wa tovuti kuliko darasani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuweka video katika ukurasa huo. Hoja yetu ni kwamba maamuzi mengi katika kazi hii ni ya mwalimu, wala si ya fundi wa kompyuta peke yake.

Tagi ya video

Zamani, ili video ionekane katika tovuti, msomaji alihitaji programu ya ziada kama vile Flash. Programu hiyo iliachwa na wenyewe mwishoni mwa mwaka 2020. Siku hizi kivinjari hucheza video chenyewe kwa kutumia tagi iitwayo "video", ambayo ni sehemu ya HTML5, kiwango kilichopitishwa rasmi Oktoba 2014. Ndani ya tagi hiyo huandikwa mahali lilipo faili, pamoja na sifa chache. Sifa ya "controls" huonesha vitufe vya kuchezesha, kusimamisha na kurekebisha sauti. "Poster" huweka picha tulivu itakayoonekana kabla video haijaanza. "Preload" ikipewa thamani ya "none" hukiomba kivinjari kisianze kupakua video mpaka mtazamaji abonyeze kitufe. Ipo pia "autoplay", inayoianzisha video bila mtazamaji kuombwa. Hii tusiitumie. Anayelipia data ndiye mwenye haki ya kuamua aitumie kwa lipi.

Gharama kwa mwanafunzi

Ukubwa wa video hutegemea urefu wake na kiasi cha data inachotumia kwa kila sekunde. Hesabu yake ni rahisi: zidisha kilobiti za kila sekunde kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8 ili upate kilobaiti. Somo la dakika 10 lililobanwa kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde lina takriban megabaiti 188. Somo hilohilo likibanwa kwa kilobiti 500 lina megabaiti 38 hivi. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, haifiki megabaiti 5.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayenunua bando dogo la simu. Hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kujiuliza: somo hili linahitaji picha kwa kiasi gani? Mazungumzo ya sokoni yanahitaji picha, kwa kuwa ishara za mikono na bidhaa zinazoonyeshwa hubeba maana. Hadithi inayosimuliwa na mtu aliyeketi yaweza kutosha kwa sauti. Mara nyingi inafaa kuweka vyote viwili, na kando ya kila kimoja kuandika ukubwa wake, pamoja na kiungo cha kupakua faili ili mwanafunzi alisikilize tena na tena bila kulipa upya.

Faili la aina ya MP4 huchezwa na takribani vivinjari vyote. Lakini faharasa ya faili hilo ikiwa mwishoni, huenda video ikachelewa kuanza kwenye mtandao wa polepole. Mwombe fundi aihamishie mwanzoni. Programu ya bure ya FFmpeg hufanya hivyo kwa agizo moja.

Njia nyingine ni kuiweka video YouTube na kuipachika katika ukurasa. Faida yake ni kwamba YouTube hupunguza au kuongeza ubora kulingana na kasi ya mtandao. Hasara yake ni kwamba kichezeshi kilichopachikwa hupakua mamia ya kilobaiti hata kabla ya kubonyezwa. Dawa yake ni kuweka picha tulivu yenye kiungo, na kichezeshi kije baada ya kubonyezwa.

Maandishi ya chini ya picha

Tagi ya "track" huunganisha video na faili la maandishi la WebVTT, ambamo kila sentensi hutanguliwa na muda wake wa kuanza na kuisha. Faili hilo ni dogo sana, na linaweza kuandikwa kwa programu yoyote ya kuhariri matini. Huwafaa viziwi, na pia mwanafunzi anayejifunza kusikia mipaka ya maneno.

Lakini tuandike nini? Msemaji kutoka mashariki mwa Kongo anaweza kusema "batoto banacheza". Mwalimu aliyezoea sanifu atashawishika kuandika "watoto wanacheza". Akifanya hivyo, mwanafunzi atasoma jambo moja na kusikia jingine, na msemaji ataonekana amekosea lugha yake mwenyewe. Pendekezo letu ni kuandaa faili mbili: moja linalofuata maneno kama yalivyotamkwa, lenye msimbo wa lugha "swc" uliotengwa kwa Kiswahili cha Kongo, na jingine la sanifu lenye msimbo "sw". Mtazamaji atachagua mwenyewe, na tofauti kati ya faili hizo itakuwa somo zuri la isimujamii.

Ruhusa ya msemaji

Video ikishapakuliwa na wengine, hairudishwi. Mtu aliyekimbia kwao huenda ana sababu ya kutotaka sura au jina lake vionekane. Kabla ya kurekodi, aelezwe kwa lugha anayoielewa video itawekwa wapi na nani ataweza kuitazama. Akikubali sauti tu, sauti inatosha.

Mwisho, kila ukurasa ujaribiwe kwa simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Ukifunguka hapo, utafunguka pia katika maabara ya chuo. Lakini ukijaribiwa maabara tu, hatujui kama utamfikia mwanafunzi tuliyemkusudia.